Bunduki Haigomi kwa Kukosa Mapambo

Wapenzi wa bunduki popote duniani wanafanana kwa jambo moja: hawakai pamoja bila kubishana. Marekani, ambako raia hununua raifali dukani na kuibadilisha apendavyo, ubishi huwa juu ya vifaa: darubini ipi haihami, kifyatulio kipi ni chepesi, kitako gani kinatulia begani. Kiabakari, pale barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari inapokata Wilaya ya Butiama mkoani Mara, wanaoijua bunduki ni watu wa namna nyingine kabisa: walinzi wa usiku, askari wastaafu, mgambo wa zamani, vijana waliopita JKT Rwamkoma, na waliowahi kufuatana na wawindaji wa kitalii porini. Kwao swali ni moja tu: bunduki ipi haigomi? Ni swali zuri kuliko la Wamarekani, lakini majibu yake mengi hayafiki mbali, kwa kuwa yanaishia kwenye jina la bunduki au kifaa kilichopachikwa juu yake. Ushahidi wa miaka zaidi ya 100, mwingi wake ukiwa wa Afrika Mashariki yenyewe, unaonyesha kwamba bunduki hugoma kwa sababu ya risasi mbovu, uchafu, na mkono usioizoea. Mabadiliko anayoyafanya mwenye bunduki kwa hiari yake mara nyingi hayaondoi hata moja kati ya hayo, na hapa Mara yana hasara nyingine ambayo Mmarekani haijui.

Tuanze na bunduki zenyewe. Kongwe kuliko zote ni gobore, linalojazwa baruti na vyuma kupitia mdomo wa mtutu. Wengi hudhani gobore lilidumu vijijini kwa sababu wahunzi wetu hawakuweza zaidi ya hapo. Sababu kubwa ilikuwa mkataba uliotiwa saini Brussels tarehe 2 Julai 1890. Humo mataifa yenye makoloni yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika eneo kubwa la Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini, huku yakiacha mwanya, kwa masharti, wa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Mhunzi wa Kiafrika alibaki na kielelezo cha karne iliyopita kwa sababu vielelezo vipya vilifungiwa mlango. Baada ya gobore inakuja ile ambayo polisi na wanajeshi wetu huiita SMG, yaani jamaa ya Kalashnikov, ambayo nyingi ni za Kichina. Vita vya Kagera dhidi ya Uganda, vya 1978 na 1979, viliwaita vijana wengi wa mgambo, polisi na magereza kuungana na jeshi, na Mara, mkoa wenye desturi ndefu ya kupeleka vijana jeshini, ulitoa wake. Walirudi na ujuzi, na baadhi ya silaha zikapenya. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu wizi wa ng'ombe mpakani mwa Tanzania na Kenya, ameeleza jinsi bunduki na soko vilivyoubadili wizi huo miongoni mwa Wakurya. Nchini Uganda hali ilikuwa mbaya zaidi: mwaka huohuo wa 1979 Wakaramojong walibeba silaha kutoka ghala la jeshi la Moroto. Za mwisho ni raifali za kuwindia na shotigani za walinzi wa benki na maghala. Hizi ndizo zinazomilikiwa kihalali na raia, na ndizo zinazohusika zaidi na swali la nini kibadilishwe na nini kiachwe.

SMG ndiyo yenye sifa ya kutogoma. Husemwa kwamba ukiizika matopeni ukaja kuitoa, italia. Ipo chumvi katika maneno hayo, lakini msingi wake ni kweli na unaelezeka. Mikhail Kalashnikov na wenzake, katika silaha iliyopokewa rasmi na jeshi la Kisovieti mwaka 1949, waliacha nafasi ya kutosha kati ya vyuma vinavyotembea, ili mchanga uingie bila kuvibana. Walitumia pistoni nzito inayosukumwa na gesi, yenye nguvu ya kutupa ganda nje hata likiwa chafu. Risasi yake ina umbo linalopungua upana kuelekea mbele, hivyo huingia na kutoka chemba kwa urahisi, na ndani ya mtutu hupakwa kromu kuzuia kutu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichopachikwa baadaye na mwenye bunduki. Vyote vilitoka kwa wachoraji na kiwanda, na vililipiwa kwa gharama: raifali ile hailengi kwa usahihi mkubwa masafa ya mbali. Asiyekuwa tayari kupoteza kitu hapati kingine. Mwenye kuibana bunduki ya namna hiyo ili ilenge vizuri zaidi anaurudishia mchanga mahali pa kukwama.

Ushahidi wa upande wa pili ni raifali ya Marekani ya M16 kule Vietnam. Iliingia vitani katikati ya miaka ya 1960 ikiwa nyepesi, sahihi na ya kisasa. Askari wakaanza kulalamika kwamba inakwama katikati ya mapigano, ganda likiganda ndani ya chemba. Bunge la Marekani likaunda kamati ndogo chini ya mbunge Richard Ichord, na ripoti yake ya mwaka 1967 ikaigeukia zaidi mikono iliyoisimamia silaha hiyo. Aina ya baruti ndani ya risasi ilikuwa imebadilishwa bila majaribio ya kutosha, na baruti mpya iliharakisha mwendo wa bunduki na kuacha masizi mengi. Chemba haikuwa na kromu. Vifaa vya kusafishia vilikuwa haba, na habari zilikuwa zimeenea kwamba silaha hii haihitaji kusafishwa sana. Baruti iliporekebishwa, chemba ikapakwa kromu na askari wakafundishwa usafi, silaha ileile ikatulia, na vizazi vyake vimeendelea kutumika mpaka karne hii. Katika kisa hiki sitaki tupite haraka juu ya ile baruti. Badiliko moja lililofanywa ofisini, kwenye kitu ambacho mpigaji hawezi hata kukiona, liliifanya raifali ya mamilioni ya dola isitegemeke.

Hapa nyumbani tunao mfano wa risasi ulio mkali kuliko huo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, askari wengi wa Wajerumani huku Tanganyika walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya baruti nyeusi iliyotoa wingu la moshi kila ilipopigwa. Moshi ule ulimwambia adui mpigaji yuko wapi. Bunduki yenyewe ilikuwa imara na haikuwa na kasoro kubwa ya chuma; ilichelewa kwa sababu ya kilichokuwa ndani ya ganda. Ushindi wa Tanga wa Novemba 1914 uliwapa raifali za kisasa za Waingereza na risasi zipatazo 600,000, na ngawira hiyo iliwafaa zaidi ya ukarabati wowote ambao wangeufanya kwenye Mauser zao. Kisha Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyokuwa imebeba silaha kutoka Ujerumani, ikashambuliwa na kuzama katika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga. Shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Ikabidi zifunguliwe moja moja, baruti ikaushwe, kisha zifungwe upya, na bado nyingi hazikulia. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyaandika hayo katika kumbukumbu zake. Walikuwa na raifali bora za wakati ule mikononi, lakini zilikuwa na thamani ileile ya risasi iliyomo.

Wawindaji wa tembo walilijua jambo hili mapema. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja na kwingineko mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua tembo zaidi ya 1,000 (idadi ambayo leo inatia kinyaa zaidi ya sifa), anajulikana kwa kutumia raifali ndogo ya Mauser ya milimita 7 wakati wenzake walibeba mitutu minene. Alijifunza kwa makini mahali ubongo na moyo wa mnyama ulipo, na akashikamana na risasi ambazo hazikumwangusha, baada ya kuachana na nyingine zilizomtia mashakani. Simtaji ili kumshauri yeyote aende porini na bunduki ndogo. Kanuni za uwindaji za Tanzania zinataka raifali isiyopungua .375 kwa wanyama hatari, na zina haki, kwa sababu si kila mtu ana mkono wa Bell. Namtaja kwa sababu alitafuta uhakika kwenye maarifa na kwenye ganda la risasi kabla ya kuutafuta kwenye ukubwa wa chombo.

Wawindaji hao pia wametuachia ubishi mzuri kuhusu chuma chenyewe. Mauser ya mwaka 1898 ina ukucha mpana unaoikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini mpaka ganda linapotupwa nje, kwa hiyo hata bunduki ikiwa imeelekezwa juu au ubavu, risasi haidondoki wala haikwami. Mwaka 1964 kampuni ya Winchester iliuondoa ukucha wa namna hiyo kwenye raifali yake ya Model 70 ili kupunguza gharama za utengenezaji. Wawindaji wa wanyama hatari walinung'unika kwa miaka mingi, raifali zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo zikapanda bei, na hatimaye kampuni ikaurudisha. Ndiyo maana hata leo raifali za mtindo wa Mauser, zikiwemo za Kicheki zinazojulikana kwa jina la BRNO na CZ, zinaheshimika sana kwa wawindaji wa Afrika. Wapo wataalamu wanaosema hofu ile ilizidi kiasi, kwamba mfumo mpya ulifanya kazi vizuri kwa watu wengi. Huenda. Lakini nyati anapokuja mbio, mwindaji hana nafasi ya kuwa miongoni mwa wachache ambao haukuwafaa.

Sasa tuvipime vile vitu ambavyo watu huongeza. Darubini ina faida ya kweli alfajiri na jioni, na kwa shabaha ya mbali. Pia ni kioo kilichofungwa kwa skrubu, nacho husafiri juu ya pikipiki kwenye barabara za vumbi zenye matuta. Ikihama kidogo tu, mpigaji analenga hapa na risasi inakwenda kule, naye hana habari. Kifyatulio chepesi humfurahisha mlenga shabaha uwanjani, lakini bunduki ileile ikigongwa au kuangushwa inaweza kulia bila kuguswa. Kizibo cha kupunguza mateke ya bunduki hupunguza kweli mateke hayo, kisha humrushia kishindo aliyesimama pembeni, na masikio yakiharibika hayarudi. Magazini kubwa ina springi inayochoka na uzito unaochosha. Hata mafuta, ambayo kila mtu huyasifu, yakimiminwa bila kiasi wakati wa kiangazi hugeuka gundi ya vumbi, ilhali karibu na ziwa, Musoma kwa mfano, bunduki iliyokosa mafuta hushika kutu upesi. Mlinzi wa Bunda mjini na mvuvi wa Majita, kila mmoja akiwa na shotigani yake halali, hawahitaji kifaa kimoja cha ziada. Wanahitaji kitambaa, mafuta kwa kiasi kinacholingana na mahali walipo, na risasi ambazo hazijakaa kwenye unyevu tangu alipozinunua marehemu baba.

Atakayenipinga atasema: kila bunduki bora ni zao la mabadiliko. Kromu ya M16 ilikuwa badiliko, na Kalashnikov mwenyewe aliirekebisha silaha yake mara nyingi. Anaweza kuongeza mfano wa kwetu: Wajerumani walipoizamisha meli yao ya kivita Königsberg kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, waliopoa mizinga yake 10, wakaifungia magurudumu kwa msaada wa karakana za Dar es Salaam, na mizinga ya baharini ikapigana nchi kavu. Nakubali yote hayo, na nadhani yanaisaidia hoja yangu. Marekebisho yale yalifanywa na karakana yenye mafundi, vipimo na nafasi ya kujaribu, na kosa lilipoonekana lilirekebishwa kwa zote. Mtu mmoja mwenye raifali moja, tupa na ushauri wa rafiki hana njia ya kujua kama kazi yake imefaulu mpaka siku ya hatari, na siku hiyo si ya kufanyia majaribio.

Wengine watasema kwamba ninadharau werevu wa mafundi wetu, na kwamba gobore lenyewe ni ushahidi wa werevu huo. Werevu upo, na nimekwisha kusema nani aliufungia mlango. Lakini gobore huaminika kwa kiasi kidogo sana kuliko sifa zake. Mtutu uliotengenezwa kwa bomba ambalo halikukusudiwa kubeba mlipuko unaweza kumpasukia aliyelishika, na hilo linajulikana kwa yeyote aliyekaa karibu na mapori. Isitoshe, magharibi mwa Serengeti nyama nyingi ya porini hupatikana kwa mitego ya nyaya, ambayo haina kelele. Gobore halitajwi sana kwa kitoweo. Linatajwa kwa tembo na kwa uvamizi. Nchi hii inayo kumbukumbu mbaya ya tembo: hesabu zilishuka kutoka takriban 110,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote, nalo ni la mtu anayelinda zizi au ghala usiku. Anasema hana anasa ya kujadili historia. Anataka kuona gizani, basi tochi aliyoifunga kwenye mtutu si pambo. Ni kweli kwamba lazima umtambue mtu kabla ya kumpiga, na giza limewaua watu wasio na hatia. Lakini tochi iliyofungwa kwenye bunduki ina tabia moja: kila unachokimulika umekielekezea mtutu, awe mwizi, jirani au mwanao aliyetoka kujisaidia. Tochi ya mkononi, au taa iliyowekwa nje ya zizi, inafanya kazi hiyo bila hatari hiyo, na inagharimu kidogo.

Nilisema kwamba hapa Mara mabadiliko yana hasara ya ziada. Mmarekani anayebadili raifali yake kwa kawaida anatafuta raha au shabaha. Katika mkoa uliopita kwenye wizi wa ng'ombe wa kutumia silaha na ujangili wa pembe za ndovu, badiliko linalojulikana zaidi kwa polisi ni la mtu anayetaka kujificha: mtutu uliokatwa ili ukae ndani ya koti, kitako kilichoondolewa, namba iliyosuguliwa kwa tupa. Mtutu uliokatwa unapoteza shabaha na kuongeza mateke na moto mdomoni; kama chombo, ni kibaya kuliko kilivyotoka kiwandani. Aliyeukata hakutaka chombo bora. Kwa sababu hiyo sheria haiwezi kuyatazama mabadiliko kama jambo la mapenzi ya mtu binafsi. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, ambayo Tanzania iliitia saini, inazitaka nchi zipige marufuku raia kumiliki raifali zinazojipakia zenyewe, ziwe za kufyatua mfululizo au moja moja, na inataka kila silaha halali iwe na alama na kumbukumbu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi ya ile ya 1991 inafuata njia hiyo. Uhakiki wa silaha uliofanywa nchi nzima mwaka 2016 uliwataka wamiliki wapeleke bunduki zao zikaguliwe dhidi ya kumbukumbu, na bunduki isiyofanana na iliyoandikwa kitabuni humweka mwenyewe kwenye maswali hata kama hajamdhuru mtu.

Wapo wanaoona hapo serikali inamnyanyasa mwananchi mwaminifu huku jambazi akiwa na SMG asiyoisajili kwa yeyote. Malalamiko haya yana uzito, hasa kwa mfugaji ambaye kituo cha polisi kiko mbali naye. Lakini silaha nyingi haramu ziliwahi kuwa halali mahali fulani: ghalani, kwenye kikosi, mikononi mwa mmiliki aliyeibiwa. Namba na alama ndizo zinazomwezesha mpelelezi kurudi nyuma mpaka mahali ilipotoroka. Raia anayeisugua namba ya bunduki yake, au kuipeleka kwa fundi wa kichochoroni asiye na kibali, anakata uzi uleule ambao siku moja ungemrudishia bunduki iliyoibwa, au ungemwondoa kwenye kesi ya mauaji.

Kwa hiyo mwenye bunduki halali hapa Kiabakari, Butiama, Bunda au Musoma akiwa na fedha kidogo za kuitumia, azitumie kununua risasi mpya kwa muuzaji mwenye leseni, vifaa vya kusafishia, na sanduku la chuma lenye kufuli, kisha apeleke kazi yoyote ya ufundi kwa fundi anayetambuliwa. Na mwenye gobore la urithi lisilo na kibali asijaribu kulitengeneza wala kulificha. Umoja wa Afrika uliutangaza Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu bila kushtakiwa, na mpango huo umeongezewa muda hadi mwaka 2030. Aulize kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya kijiji mapema kuhusu utaratibu wa mwaka husika, alipeleke likiwa tupu, mdomo wa mtutu ukielekea chini.